Wafu wa Kwao Pia Waitwe

Baba mkubwa Bethwel alimkataza asubuhi, zizini, na Kipngeno akakataa kukatazwa.

"Wafu wa hii boma wanatosha," Bethwel alisema. Alikuwa amekaa kwa kigoda, paji la uso kwa mbavu za ng'ombe, maziwa yakipiga ndoo. "Tuko na Taprandich. Tuko na Tapkigen. Wamama wamekufa hapa wengi, mpaka wengine nimewasahau. Wa Mexico unatuletea wa nini?"

"Si mimi nataka. Ni mama ya mtoto."

"Mama ya mtoto ni mgeni."

"Mgeni gani anazaa kwako, Baba? Hiyo ugeni iliisha kwa leba."

"Chunga mdomo."

"Nimechunga. Ningekuwa sijachunga ungesikia."

Bethwel aliacha kukamua. Ng'ombe akageuza kichwa kuangalia kuna nini. "Leo," mzee alisema polepole, "hakuna jina la mbali litaitwa ndani ya hiyo nyumba. Nimemaliza."

"Mimi sijamaliza," Kipngeno alisema, na akatoka.

Kwa akina Kipngeno, huko juu Keringet, mtoto hapewi jina. Mtoto huulizwa. Wamama wanaingia naye ndani, nyanya mkubwa anampakata, na wanaanza kuita wafu wa nyumba hiyo mmoja mmoja, huku ugoro kidogo ukipitishwa karibu na pua yake. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Mambo kwisha. Hata ukimpeleka kanisa abatizwe, hata ukimwandikisha Kimberly, kwa nyumba yeye ni huyo aliyerudi. Wanaume hukaa nje wakingoja kuambiwa. Nyumba nyingi zimeacha hiyo mambo siku hizi. Kwa akina Kipngeno haijaachwa, kwa sababu Kogo, nyanya yake, bado alikuwa hai, na hakuna mtu wa hiyo boma alikuwa na kifua ya kumwambia Kogo aache kitu.

Bethwel alikuwa na sababu yake, na haikuwa sababu ya kijinga. Baba yake Kipngeno alikufa mapema, Bethwel akamchukua kijana akamlea kama wake. Halafu huyo kijana aliacha shule kidato cha pili, akaanza kukimbia barabarani, wakala mmoja akamwona, na kabla watu wajue vizuri ni nini inaendelea alikuwa amepanda ndege kwenda Mexico kukimbia mbio za huko. Alikaa huko mpaka wakazoea kusema "alikuwa na sisi" kama anayezikwa. Bethwel hakusahau. Sasa amerudi na goti mbovu na bibi wa huko, na mtoto mchanga wa kike, na mzee alikuwa amekata shauri kwamba huyu mtoto haendi mahali. Alitaka aitwe Taprandich, yule mama aliyefyeka hiyo shamba kwa panga yake mwenyewe. Roho ya hapa inashikilia mtoto hapa, alisema. Roho ya mbali itamvuta arudi mbali, na mama yake nyuma yake.

Na ukweli ni kwamba hata Kipngeno alikuwa na hiyo woga. Kule Kaptembwo, Nakuru, walikokuwa wanaishi, alikuwa akirudi kutoka kubeba simiti anakuta bibi yake, Eufemia, amesimama mlangoni, anaangalia upande wa mlima wa Menengai na hasemi kitu. Lakini alikuwa ameahidi. Siku mtoto alizaliwa, hospitalini Nakuru, Eufemia alimshika sweta akamvuta chini mpaka sikio likafika mdomoni kwake.

"Nyinyi huita wafu wenu," alimwambia. "Wangu pia waitwe. Wakikosa kuja, sawa. Lakini waitwe."

"Wataitwa," Kipngeno alisema.

Si kwamba alisema tu kumtuliza. Alijua ni kitu gani anaomba. Wakiwa shule ya msingi, ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani ulikuwa unavalishwa kibao shingoni, unashinda nacho mpaka umpate mwenzako akikosea umpe. Kipngeno alivaa hicho kibao hadi kamba ikamwachia alama. Siku moja akakitupa ndani ya choo cha shimo, akachapwa, na tangu siku hiyo yeye na shule hawakuwa marafiki tena. Alipomwambia Eufemia hiyo hadithi, Eufemia alicheka mpaka machozi. Kwao, mlimani Malinche, mwalimu alikuwa anawachapa kwa kuongea Nahuatl, lugha ya nyanya zao, ili waongee Kispanyola. "Kumbe hiyo fimbo ilikuwa na matawi mpaka kwenu," alisema.

Walikutana kwa hiyo lugha. Yeye Kipngeno alikuwa amemaliza mazoezi mlimani, njaa inamuuma, akaona msichana kando ya barabara anageuza kitu kama chapati juu ya kikaango cha udongo. Akaonyesha kwa kidole akasema, "Chapati." Msichana akatingisha kichwa. "Tlaxcalli." Ilikuwa ya unga wa mahindi. Kipngeno akala, akasema, "Hii ni ugali imelala." Hakuelewa mtu. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena.

*

Sasa alikuwa amesimama nyuma ya jikoni ya Kogo, nyumba ya mbao iliyokauka na kuachana, jicho kwa ufa. Mwanaume hachungulii. Alijua. Alichungulia.

Ndani kulikuwa na moshi na wamama. Kogo alikuwa amekaa kwa kiti cha chini, mtoto mapajani. Shangazi Jemutai, dada yake Bethwel, alikuwa amepiga magoti mbele yake na kichupa cha ugoro. Eufemia alikuwa kwa kitanda, leso mabegani, mdomo umefungwa. Hakuna mtu alikuwa anamwangalia.

"Tapkigen," Kogo aliita kwa upole, vile unaita mtu kwa mlango. "Ni wewe?"

Jemutai alipitisha kidole mbali kidogo na pua. Mtoto alikunja uso, akakunjua.

"Tabutany. Ni wewe umekuja?"

Kitu hakuna. Mtoto alikuwa anatafuta titi.

"Taprandich."

Hapo Kipngeno akaona. Jemutai alirudisha kidole kwa kichupa, akachota kama mtu anachota chumvi ya sufuria ya harusi, na hakupitisha. Alisukuma. Mtoto alivuta pumzi, akakaa nayo, halafu akapiga chafya mpaka miguu ikaruka.

"Taprandich!" Jemutai alipiga vigelegele. "Amekuja! Taprandich amekuja!"

Wamama wengine wakaitikia. Eufemia aliangalia mlango tu, kama mtu anayengoja gari ambalo aliambiwa litakuja.

Kipngeno alizunguka jikoni akasukuma huo mlango.

"Hiyo chafya ni ya wizi," alisema.

Vigelegele vikakatika. Jemutai aligeuka na magoti yake. "Wewe! Unatafuta nini hapa? Ulikuwa unachungulia? Mwanaume mzima na ndevu, unachungulia wamama?"

"Ndio. Nimechungulia. Na nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona ukimsiliba mtoto ugoro kama unapaka nyumba."

"Laana!" Jemutai alisema. "Mama, umesikia? Mtoto wa marehemu ndugu yangu ananiita mwizi!"

Kogo alimgeuza mtoto kwenye mwanga wa mlango akaangalia pua. Ilikuwa ya rangi ya udongo. "Hii pua imekuwa bomba ya lori," alisema. Alilamba ncha ya leso yake, akaipangusa polepole, tundu moja halafu lingine. Mtoto alilia. Kisha Kogo akanyoosha mkono. "Jemutai, leta hicho kidole."

"Mama, mimi..."

"Leta."

Alikiangalia. Akakiachilia. "Wewe ulikuwa unamwita Taprandich, ama ulikuwa unamsukuma?"

Bethwel alikuwa amefika nyuma ya Kipngeno, ndoo ya maziwa bado mkononi. "Mama, mtoto amepiga chafya kwa jina," alisema kutoka nje. "Imeisha."

"Itaisha nikisema imeisha. Umezaa mtoto wewe? Basi nyamaza na maziwa yako." Kogo alimgeukia Kipngeno. "Na wewe, mwenye macho ya fisi. Umevunja mlango wa wamama. Kwa nini?"

"Niliahidi wafu wa kwao watakuwa kwa hiyo laini, Kogo. Hakuna mtu aliwaita hata mmoja."

"Mimi sikuambiwa."

"Nilimwambia Baba. Akakataa."

"Bethwel ndiye anaita wafu hapa?"

Nje, Bethwel alihamisha ndoo mkono mwingine.

Kogo alimwangalia Eufemia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akamwangalia kabisa, kutoka leso hadi viatu vya raba. "Mama," alimwambia. "Wa kwenu anaitwa nani?"

Eufemia alilamba midomo. Kiswahili chake alikichukua kwa majirani wa Kaptembwo, na kilitoka hivyo hivyo. "Nyanya yangu, Kogo. Ndiye alinilea. Ye ni María Dolores."

"Huyo nitamwita sasa." Kogo akajiweka sawa, akainama kwa mtoto. "Maria Dolores. Ni wewe?"

Mtoto alipiga mwayo.

"Maria Dolores."

Mtoto alifumba macho.

"Mnaona?" Jemutai alisema.

Kogo aliinua mkono kumnyamazisha. "Hilo jina ni la nini? Lina maana gani?"

"Dolores ni... maumivu. Ni jina ya kanisa. Wazungu wa Spain walikuja zamani, padri wao akaandika watu wote kwa kitabu. María huyu, José yule. Hata mimi, Eufemia, niliandikwa tu."

"Maumivu!" Kogo alicheka na meno yake mawili yaliyobaki. "Nani anaita mtoto Maumivu? Sikiza, mama. Mimi pia niliandikwa. Wameniandika Rebecca. Siku nikifa, mtu akisimama hapa aite 'Rebecca, Rebecca,' nitakaa huko huko nifikirie anaita mke wa mtu mwingine. Huyo nyanya yako, akiwa mtoto, mama yake akimwita aje kula, alikuwa anasema nani?"

Kipngeno alimwona Eufemia akitafuta, akirudi nyuma, akiingia nyumba ambayo haiko tena.

"Xilotl," alisema.

"Sha nini?"

"Shi-lotl." Ile sauti ya mwisho ilitoka kama pumzi inapita kando ya ulimi.

"Silot," Kogo alisema. "Silot. Hiyo ni nini?"

Eufemia alifungua mdomo, akafunga. Hakuwa na Kiswahili chake. Aliangalia mikono yake kama itamsaidia, halafu akasimama. "Twende nikuonyeshe. Iko kwa shamba yenu."

"Mzazi mbichi haendi shambani!" Jemutai alisema.

"Leo anaenda," Kipngeno alisema.

*

Wakaenda wote. Kogo mbele na fimbo yake, Eufemia na mtoto, Jemutai akinung'unika, wamama nyuma, na Bethwel mbali kidogo kando ya ua, kama mtu ambaye yuko tu safarini zake. Ndoo alikuwa bado hajaweka chini.

Mahindi ya Keringet hayana haraka, baridi inayachelewesha. Na shamba la Bethwel mwaka huo lilikuwa na kila aina, kwa sababu fuko walikula mbegu huku na huku na Jemutai akawa anapandilia. Kulikuwa na yaliyofika magotini na mengine yamepita kichwa.

Eufemia aliinama kwa yale madogo, majani mawili matatu. "Hii ni toctli."

Kogo akainama pia. "Ni mahindi."

"Si mahindi, Kogo. Toctli. Bado mtoto." Akasogea mbele, akavunja hindi moja bichi lililojaa, akalifungua juu kidogo, maziwa yakamrukia kidole. "Hii ni elotl. Ya kuchoma, ya kuchemsha. Ikikauka na gunzi yake ni cintli. Hiyo unaweka kwa stoo, unaombea, hukanyagi hata moja ikianguka. Ukipukuchua, punje ni tlaolli. Gunzi ikibaki peke yake ni olotl, unawasha moto."

"Yote ni mahindi," Jemutai alisema.

"Nyinyi mnasema mahindi na mnamaliza. Sisi hatuwezi. Ukiniambia 'leta mahindi' nitakuuliza, gani? Ni kama umeniambia leta mtu."

Kogo alisimama na fimbo yake, akaangalia zizi, akaangalia shamba. Kitu kilikuwa kinamwingia. "Ni kama ng'ombe," alisema. "Moita si teta. Teta si kirkit. Ukiniambia leta ng'ombe, nitakuuliza ndama, ama jike, ama dume." Akamgeukia Jemutai. "Wewe unacheka nini? Watu hupea majina mengi kitu wamelala nacho nyumba moja."

"Na hii ya nyanya?" Kipngeno aliuliza. Alijua. Aliuliza ili wasikie.

Eufemia alitembea hadi katikati ya mistari, akatafuta, akashika hindi changa, jembamba kama kidole gumba, lililotoa nywele ndefu laini za rangi ya asali. Hakulivunja kwanza. Alilishika tu. "Hii. Nywele zimetoka, punje bado. Hii ndiyo xilotl. Nyanya alizaliwa mwembamba, na nywele hivi, si nyeusi. Watu walisema hatamaliza mwaka. Mama yake akasema, huyu si mgonjwa, huyu ni xilotl, hajajaa tu, mngoje. Wakamngoja." Alicheka kidogo. "Amezika wote waliosema."

"Huyo namjua sasa," Kogo alisema.

"Kwetu mtu mzima humwiti hivi hivi. Unaweka heshima mwisho. Xilotzin."

"Vizuri. Hata mimi sikutaka kumwita kama mtoto wa shule." Kogo alipitisha kiganja juu ya zile nywele. "Na haya mahindi. Bandek. Sisi tunaita hivyo. Mlitoa wapi mbegu, kwa Wazungu kama sisi?"

"Hapana, Kogo. Mahindi imetoka kwetu. Kwanza kabisa. Nyanya za nyanya zangu ndio walitoa kwa nyasi ya porini."

Kogo alimwangalia Kipngeno kuona kama anadanganywa.

"Ni ukweli, Kogo. Hata huko shule niliyotoroka walisema."

"Kumbe," Kogo alisema. Akaangalia hilo shamba lote alilolima maisha yake yote kama mtu ambaye ameambiwa jirani yake wa siku zote ana mji mwingine. "Kumbe bandek ina kwao."

Eufemia akalivunja lile hindi changa, akalitia kwa leso.

*

Waliporudi jikoni, Kogo alikifunga kichupa cha ugoro na kukitupa chini ya kitanda. "Hii ya leo imeharibika. Ina mkono wa mtu."

"Sasa bila ugoro mtoto atapigaje chafya?" Bethwel aliuliza kutoka mlangoni. Safari hii alikuwa amekaribia kabisa, na Kipngeno kando yake, na Kogo hakuwafukuza. Mlango ulikuwa umeshavunjwa.

Eufemia alitoa lile hindi kwenye leso. Aliachanisha nywele zake kwa vidole mpaka zikawa kama ufagio mdogo wa hariri. "Ugoro ni yenu," alisema. "Hii ni yetu."

"Hapana!" Jemutai alisema. "Hiyo si dawa ya hii kazi!"

"Ni nani aliharibu ile dawa ya hii kazi?" Kipngeno aliuliza.

"Nyamazeni," Kogo alisema. "Itatumika. Lakini Taprandich ataitwa na hii hii. Na Tapkigen. Mtu asiseme kesho tulimfungia mlango."

Eufemia alimpa lile hindi bila kubisha. Kogo akaita Taprandich, na kuzipitisha zile nywele chini ya pua ya mtoto, taratibu, mbele ya macho ya wote. Mtoto alikunja pua. Bethwel alishika nguzo ya mlango. Mtoto akakunjua pua, akanyonya hewa, akatulia. Kogo akaita tena. Alimheshimu Taprandich, alimpa nafasi. Kisha Tapkigen. Kisha Tabutany. Halafu akainua macho.

"Xilotzin," Eufemia alisema, akipiga magoti pale alipokuwa Jemutai. "Xihualla." Kipngeno alilijua hilo neno. Njoo.

Nywele zilipita. Kitu hakuna.

"Xilotzin, xihualla."

Mtoto aliangalia dari. Jemutai akaanza kutabasamu, na Bethwel akashusha pumzi ndefu. Kipngeno akajiambia, aliitwa. Niliahidi ataitwa, si kwamba atakuja. Lakini hakuridhika. Alitaka aje. Alitaka aje mpaka meno yakauma.

Eufemia hakuita mara ya tatu. Alikaa chini sakafuni, vile wamama wanakaa wakiwa wawili na kazi imekwisha, na akaanza kuongea tu, kwa sauti ya kawaida, Nahuatl yake tupu. Kipngeno alishika maneno machache. Calli, nyumba. Tletl, moto. Cintli. Atl, maji. Alikuwa anamwambia nyanya yake kwamba moto umewashwa, maji yako juu, mahindi yako stoo, watu ni wakali lakini nyumba ni nzuri, asisimame nje kwa baridi. Alikuwa anamkaribisha kama mtu amefika na anaona haya kuingia. Na mkono wake, bila haraka, ulikuwa unazungusha zile nywele za mahindi chini ya pua ya mtoto.

Mtoto alipiga chafya. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya ugoro, kama mbuzi amekohoa, na baada yake akafungua macho yote mawili na kuwaangalia kwa hasira.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Halafu Kogo akapiga, peke yake, kwa hiyo koo lake la zamani, na wamama wakamfuata. Jemutai alikuwa wa mwisho, lakini alifuata.

"Ni nywele za mahindi zimemwasha!" Bethwel alisema. "Mama, hata mimi ningepiga chafya!"

"Na ugoro huwa unafanya nini?" Kogo alimuuliza. "Unambembeleza?"

"Hiyo ni tofauti!"

"Tofauti ni kwamba hukuichagua wewe."

Bethwel alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kipngeno akaona kwamba amezeeka. "Mama, huyu mtoto atavutwa. Huyu mmoja alipotea huko nikadhani namzika bila mwili. Sasa umeingiza mtu wa huko ndani ya mtoto. Atamvuta, atamvuta na mama yake, na huyu mjinga na goti lake atawafuata."

"Nitawafuata ndio," Kipngeno alisema. "Wakienda nitaenda. Lakini hawaendi kwa sababu ya jina, Baba. Wakienda itakuwa kwa sababu mliwafungia mlango."

Kogo alikuwa anamfunga mtoto shuka. "Bethwel," alisema bila kuinua kichwa. "Bandek ilitoka kwao. Imekaa kwako, imekulisha na meno yako yote, imelisha baba yako. Uliiona siku gani ikirudi?"

Mzee aligeuka akatoka.

*

Kogo alitaka jina alijue vizuri, kwa hivyo Eufemia akawafundisha: ulimi juu, nyuma ya meno, halafu pumzi itoke kando. Jikoni yote ikajaa wamama wakipuliza hewa, tl, tl, tl, kama watu wanaita kuku, wakichekana. Jemutai alitema mate kwa mtu akaombwa akae mbali. Kogo alijaribu hadi akachoka, akasema yeye na meno yake mawili watasema Silot, na mwenye jina atawasamehe.

Kipngeno alitoka nje. Bethwel alikuwa zizini na uma, anageuza mavi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

Jirani yao Muiruri alikuwa anapita njiani na mkebe wake wa maziwa kwa baiskeli, akasimama kwa lango. Ameishi hapo miaka, anajua desturi za hiyo boma kuliko vijana wake. Alikuwa amesikia vigelegele.

"Mzee!" aliita. "Hongereni! Nani amekuja?"

Hilo swali huulizwa mkubwa wa boma. Kipngeno alijua anafaa kungoja. Aliangalia mgongo wa Bethwel, akahesabu pumzi chache, akaona mgongo haugeuki.

"Xilotl!" akapaza sauti, mpaka ng'ombe wakainua vichwa. "Amekuja Xilotl, wa Malinche! Nyanya ya bibi yangu!"

"Nani?" Muiruri alisema.

"Xilotl!"

"Shi... Hilo ni jina la nini, kijana? La gari? Nani ataweza hilo?"

"Utajifunza!"

"Mimi na uzee huu?"

"Umejifunza Kikipsigis, Kiswahili, na kudanganya watu wa mizani ya maziwa. Hili litakushinda?"

Muiruri alicheka, akamgeukia mzee kutafuta msaada. "Bethwel! Huyu anasema nini? Ni nani huyo?"

Bethwel alisimamisha uma. Alikaa hivyo, mgongo kwao wote. Kipngeno alijiandaa. Alikuwa na maneno tayari mdomoni, makali, ambayo angeyasema mbele ya jirani na baadaye angekosa usingizi.

"Ni mahindi," Bethwel alisema.

"Mahindi?"

"Si mahindi yote. Ile changa." Mzee bado hakugeuka. Alinyoosha uma kuelekea shambani, kwa hasira, kama anamwonyesha mtu asiyeona. "Ile imetoa nywele na punje bado. Huna macho? Iko hapo mbele yako."

Muiruri aliangalia shamba. Akatingisha kichwa, akapanda baiskeli yake.

Bethwel alirudi kwa mavi yake. Kipngeno alichukua uma mwingine uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaingia zizini, akaanza upande wa pili.